Mtoto akililia upanga, mpe wa sponji

WAHENGA walisema kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Hawakutuachia neno lolote kuhusu mtoto anayelilia upanga.

Basi hebu fikiria, msomaji, kwamba wewe ni mzazi unayeishi Mugutha, kati ya Ruiru na Juja. Umeteremka kwenye matatu jioni ukitoka kazini jijini Nairobi, mkononi umebeba mkate na paketi ya maziwa. Unafungua mlango na kumkuta kijana wako wa miaka 16 amepiga magoti sakafuni. Mkeka wa sponji aliokuwa akichezea mdogo wake umekatwa vipande vipande. Nyumba nzima inanuka gundi ya viatu. Na mkononi mwa kijana huyo kuna kitu kirefu, chembamba na chenye ncha, ambacho kwa mbali hakina tofauti na upanga.

Je, utafanya nini?

Huenda ukapaza sauti. Huenda ukautwaa upanga huo, ukauvunja kwa goti na kutupa vipande kwenye pipa. Na kusema kweli hakuna wa kukulaumu, kwa maana una sababu tatu za kukasirika.

Ya kwanza ni mkeka, ambao ulinunuliwa kwa pesa. Ya pili ni harufu ya gundi, ambayo kila mzazi wa mjini anaijua kuwa ndiyo inayonuswa na watoto wanaorandaranda mitaani. Ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni upanga wenyewe. Katika mitaa yetu hii, ambako nyumba za kupanga zinachipuka kwenye mashamba yaliyokuwa ya kahawa na jirani hajui jina la jirani, kijana akionekana na kitu kama hicho baada ya giza kuingia anaweza kukilipia kwa uhai wake.

Hata hivyo, makala haya yanakusihi usiuvunje upanga huo. Yanakuomba uketi kitako karibu na mwanao umuulize anafanya nini. Kisha umsaidie kuufanya uwe upanga ambao hauwezi kumdhuru mtu yeyote, hata yeye mwenyewe.

MCHEZO WENYEWE

Kijana wako hajajiunga na genge. Anajiandaa kwa kosplei, yaani mchezo wa kuvaa na kujipamba hadi ufanane na mhusika wa filamu, katuni au mchezo wa video. Neno hilo lilianzia Japani mapema katika miaka ya 1980, likiwa limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vazi na mchezo.

Lakini desturi yenyewe ina umri mkubwa zaidi. Mnamo 1939, mashabiki wawili wa hadithi za kisayansi, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, walihudhuria mkutano wa wapenzi wa hadithi hizo jijini New York wakiwa wamevalia kama watu wa karne zijazo. Mavazi hayo yalikuwa yameshonwa na Douglas mwenyewe. Tangu 2003, mji wa Nagoya nchini Japani umekuwa ukiwakutanisha wapenzi wa mchezo huu kutoka pembe zote za dunia.

Hapa kwetu, mikutano kama NAICCON na Otamatsuri jijini Nairobi imewapa vijana mahali pa kuonyeshana kazi zao. Wengine walivutiwa na filamu ya Black Panther ya 2018, ambayo Lupita Nyong'o wetu aliigiza na ambayo ilizinduliwa hata mjini Kisumu. Wengine ni wapenzi wa katuni za Kijapani.

Sasa, wahusika wengi wa katuni hizo ni watu wa panga. Zoro wa One Piece hubeba tatu kwa mpigo. Cloud Strife wa mchezo wa video Final Fantasy VII, uliotoka mwaka 1997, ana upanga unaokaribia kimo chake. Kijana aliyeshona vazi lote la Zoro bila panga zile ni sawa na askari wa trafiki aliyeacha sare yake nyumbani. Hakuna atakayemtambua.

Ndiyo sababu mkeka umekatwa.

KIAMBU ILIANZA ZAMANI

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na Wajapani. La hasha! Hapa hapa Kiambu, silaha za kuigizia zina historia yake.

Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu kule Limuru walijijengea ukumbi wa maonyesho usio na paa, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Humo waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na marehemu Ngugi wa Thiong'o akishirikiana na Ngugi wa Mirii. Waigizaji hawakuwa mabingwa wa jukwaa. Walikuwa wakulima, wafanyakazi wa viwandani na watu wasio na kazi.

Tamthilia hiyo iligusia vita vya Mau Mau, na kwa hivyo ilihitaji bunduki za kuigizia. Baadaye Ngugi wa Thiong'o alisimulia kwamba kazi ya kuunda bunduki hizo bandia ilisimamiwa na mtu yule yule aliyekuwa akiwaundia wapiganaji wa Mau Mau bunduki za kweli katika miaka ya 1950.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Mtu aliyejua kuunda silaha ya kuua alitumia ujuzi ule ule kuunda isiyoua, ili watoto na wajukuu waone yaliyotendeka bila mtu kumwaga damu. Alijua uzito wa bunduki ile begani na namna mkono unavyoishika. Hayo huyapati kwenye picha.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Oktoba 2, 1977, na kufikia Novemba 16 leseni ilikuwa imefutwa. Mwisho wa mwaka huo Ngugi wa Thiong'o alitiwa kizuizini kwa muda wa karibu mwaka mmoja, na mnamo 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Si bunduki bandia zilizowaudhi wakubwa wa wakati huo, bali yaliyosemwa jukwaani.

Isitoshe, ikiwa wewe mwenyewe ulipitia shule za Kenya, huenda uliwahi kushika mkuki wa ufito na ngao ya kadibodi katika tamasha za maigizo, ambazo zimekuwa zikifanyika nchini tangu 1959. Na tangu Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, hakuna darasa lililoweza kumuua Kaizari bila kwanza kutafuta visu vya uongo.

Kwa hivyo mwanao hakuanza jambo geni. Ameuendeleza ufundi wa zamani kwa vifaa vipya.

VIFAA

Kifaa kikuu cha siku hizi ni sponji ngumu, ile nyepesi inayotumiwa kutengeneza mikeka ya watoto ya kuunganisha, na ambayo ni jamaa wa karibu wa soli za patipati. Hukatika kwa kisu kikali, hukubali gundi, na ukimpiga nayo mtu haimvunji mfupa. Upanga wa chuma wa Kijapani huwa na uzito wa kilo moja au zaidi. Wa sponji haufiki hata nusu kilo.

Vingine ni hivi: ufito mwembamba wa mbao wa kutia katikati ili upanga usipinde, gundi ya viatu, gundi nyeupe ya seremala, msasa, kisu cha wembe, rula, kalamu, rangi nyeusi na ya fedha, na jozi ya kamba za viatu.

Mkazi wa Mugutha ana bahati, kwani hakuna haja ya kwenda mjini. Ujenzi haukomi, na karibu kila kona kuna duka la vifaa vya ujenzi. Mabaki ya mbao yapo tele kwa maseremala. Gundi ya viatu inapatikana kwa fundi wa viatu, ambaye pia anajua kuitumia kuliko mtu yeyote mtaani. Mtume mwanao akajifunze kwake kwa nusu saa.

Tahadhari moja kuhusu vifaa. Usitumie ile sponji nyeupe yenye chembechembe inayofungiwa televisheni na redio mpya. Rangi ya kupuliza na gundi ya viatu huiyeyusha, na kazi ya siku mbili huharibika mbele ya macho yako.

HATUA KWA HATUA

Anza na mchoro. Chukua gazeti hili ukishamaliza kulisoma, unganisha kurasa kwa utepe, na uchore upanga kwa ukubwa wake halisi. Upanga wa Kijapani uitwao katana huwa na bapa linalozidi sentimita 60, na pamoja na mpini hufika karibu mita moja. Anayeanza achague upanga ulionyooka. Akunje karatasi katikati kwa urefu, achore upande mmoja tu, kisha akate. Akiikunjua, pande zote mbili zitalingana.

Pili, kata sponji. Zinahitajika tabaka tatu za umbo lile lile. Kisu kiwe kipya, kwa sababu kisu butu huchana sponji na ndicho kinachoteleza na kukata vidole. Kata juu ya ubao, polepole, na mkono usiokata ukae nyuma ya kisu daima. Katika tabaka la katikati, kata mfereji wa kuulaza ule ufito. Ufito usifike mwisho. Uishie sentimita 5 au zaidi kabla ya ncha, ili ncha ibaki sponji tupu. Hapo ndipo penye siri ya upanga usiomtoa mtu jicho.

Tatu, gundi. Hapa mzazi asikilize kwa makini, kwa maana ile hofu yake ya pili ni ya haki. Mvuke wa gundi ya viatu hulevya na hudhuru ubongo. Kazi hii ifanyiwe nje, mahali penye upepo, mbali na jiko na mbali na watoto wadogo. Kopo lifunikwe mara tu linapoachwa, na wewe mzazi ndiwe ulihifadhi. Paka gundi nyembamba kwenye pande zote mbili, ngoja dakika kama 10 hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ukishabandika huwezi kusogeza tena, kwa hivyo lenga vizuri kabla hujakutanisha.

Nne, tengeneza makali ambayo si makali. Kata kingo kwa mshazari pande zote mbili, kisha zisugue kwa msasa. Jicho likiona mwanga ukivunjika kwenye ule mshazari, hudhani limeona chuma kilichonolewa. Lakini ukingo wenyewe uachwe na unene wa milimita chache, na ncha iviringwe kidogo.

Tano, ziba vinyweleo. Sponji hunywa rangi kama ardhi kavu inavyokunywa mvua. Changanya gundi nyeupe ya seremala na maji kidogo, upake mara tatu au nne, na kila mara uache ikauke kabisa. Vijana wengi huruka hatua hii kwa kukosa subira, halafu wanashangaa kwa nini upanga wao unafanana na sponji iliyopakwa rangi.

Sita, rangi. Usipake rangi ya fedha kwanza. Paka nyeusi upanga mzima, uache ukauke. Kisha chovya brashi kwenye rangi ya fedha, uifute kwenye kitambaa hadi ionekane haina kitu, na upitishe juu juu. Fedha itashika palipoinuka na weusi utabaki kwenye mifereji. Chuma cha kweli hakina rangi moja. Kitazame kisu chako cha jikoni, utaona kina weusi karibu na mpini na mng'ao kwenye makali.

Saba, mpini. Kata kinga ya mkono kutoka kwenye soli ya patipati kuukuu. Zungusha kamba za viatu kwenye mpini kwa kuzipishanisha, nazo zitafanana na ule msokoto wa panga za Kijapani.

Ukimaliza, uegemeze upanga ukutani, urudi nyuma hatua tano na utazame. Ukionekana wa chuma kutoka hapo, umefaulu. Kwa karibu hauna haja ya kumdanganya mtu.

USIENDE KWA FUNDI WA MABATI

Kuna kijana atakayesema: "Kwa nini nisumbuke? Nitaenda jua kali nikatiwe bati nene, nilipe, nimalize kazi kwa siku moja."

Mkatalie katakata. Upanga wa bati, hata ukiwa butu, ni silaha. Ukimwangukia mtu katika msongamano, utamkata. Mikutano mingi mikubwa duniani hukagua silaha za kuigizia mlangoni. Ule wa San Diego nchini Marekani, kwa mfano, una meza maalumu ya kazi hiyo.

Na si watoto tu wanaokosea. Mnamo Desemba 2008, katika ukumbi maarufu wa Burgtheater jijini Vienna, mwigizaji Daniel Hoevels alijikata shingo mbele ya watazamaji kwa kisu alichodhani ni butu. Kilikuwa kisu chenye makali. Alipona, lakini kwa bahati. Oktoba 2021, kwenye uandaaji wa filamu ya Rust huko New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa kwa bunduki ya kuigizia iliyokuwa imetiwa risasi ya kweli. Hao walikuwa watu wazima waliolipwa kuifanya kazi hiyo.

Funzo ni moja. Kitu cha kweli na kitu cha kuigizia visikae chumba kimoja. Kisu cha jikoni kisichanganywe na mavazi, wala panga la shambani lisitolewe ili kupiga picha nzuri zaidi.

SAFARI YA MJINI

Sasa tufikie ile hofu ya tatu, ambayo ndiyo kubwa.

Kule Pwani, bwana harusi akitoka na joho, kilemba na jambia kiunoni, hakuna anayekimbia. Watu hupiga vigelegele. Bendera ya Oman ina jambia na panga mbili zilizopishana. Bendera yetu wenyewe ina ngao na mikuki miwili, na kila Jumatatu watoto huiimbia. Silaha iliyo mahali pake haimtishi mtu, kwa sababu kila anayeiona anajua maana yake.

Lakini upanga wa mwanao ukitolewa stejini saa mbili usiku hauna maana hiyo. Anayeuona hajui lolote kuhusu Zoro. Anachojua ni kwamba juzi jirani yake aliibiwa. Na katika nchi yetu, kelele ya "mwizi!" haingoji maelezo. Umati hauwezi kugundua kwa wakati kwamba upanga ule ni wa sponji.

Sheria nayo ina macho. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu mtu anayepatikana na silaha hatari katika hali inayoonyesha alinuia kutenda uhalifu. Bila shaka sponji haikati, lakini maelezo hayo ni heri uyatoe ukiwa nyumbani kuliko ukiwa kituoni. Kuhusu bunduki bandia, afadhali mwanao asiziguse kabisa nje ya jukwaa la shule. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inazitaja hata zile za bandia, na polisi aliye gizani hana muda wa kuchunguza.

Kwa hivyo zingatia haya kabla ya safari.

Upanga usafirishwe ndani ya mfuko mrefu usioonyesha kilichomo, ukiwa umefungwa kwa kamba. Bora zaidi, uundwe tangu mwanzo ili ugawanyike vipande viwili na kuungwa ukifika.

Vazi livaliwe huko huko mkutanoni, si nyumbani. Kijana asafiri na nguo zake za kawaida.

Ncha ifungwe kitambaa cha rangi kali, nyekundu au ya machungwa, na kisiondolewe ila wakati wa picha.

Asiutoe mfukoni ndani ya matatu, hata makanga akimwomba kwa upole. Kutoka Mugutha hadi mjini ni safari ya Barabara Kuu ya Thika, yenye vituo vingi na abiria wapya kila kituo. Aliyecheka pamoja nanyi Ruiru atakuwa ameshuka kabla ya Roysambu.

Tiketi ya mkutano au barua ya shule iwe mfukoni. Safari ya kurudi iwe kabla ya magharibi. Na ikiwezekana, wewe mzazi uandamane naye mara ya kwanza. Utaona wenzake, utajua wazazi wao, na siku nyingine hutakosa usingizi.

PANGA ZETU JE?

Ukiwa umeketi naye, muulize swali hili: mbona kila upanga unaouunda ni wa Kijapani?

Si vibaya kuupenda wa Kijapani. Lakini ardhi hii ya Mugutha ilikuwa na upanga wake. Wakikuyu waliuita ruhiu, na ala yake njora. Kwa Kiswahili tunauita sime. Bapa lake ni jembamba karibu na mpini na hupanuka kuelekea ncha kama jani, na ala yake ni ya mbao iliyovikwa ngozi, mara nyingi yenye rangi nyekundu. Wamaasai na Wakamba nao wanaufahamu vyema. Ni umbo zuri, rahisi kulikata kwenye sponji, na halina kona ngumu za kumsumbua anayeanza. Pwani kuna kitara kilichopinda na kuna jambia lenye ala iliyonakshiwa.

Na wahusika hawakosekani. Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili wa pwani ya kaskazini, alikuwa jitu lisilodhurika kwa silaha yoyote isipokuwa ile ya shaba iliyomchoma kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Ni kisa gani cha Japani kinachoshinda hicho? Hebu kijana wako atokee mkutanoni akiwa Liyongo, uone kama wapiga picha hawatamkimbilia.

Hapa ndipo babu na nyanya wanapoingia. Bila shaka katika ukoo wenu yuko mzee aliyewahi kushika sime ya kweli. Mpeleke mwanao kwake na karatasi. Aulize ilivaliwa upande gani wa kiuno, ilichomolewaje, ngozi ya ala ilipakwa nini. Atapata masimulizi ambayo hata wewe hujawahi kusimuliwa, kwa sababu hujawahi kuuliza.

KUNA RIZIKI?

Mzazi atauliza tena: haya yote yatamletea nini?

Nisikudanganye kwamba kuna utajiri. Lakini sikiliza kisa hiki. Mnamo 1997, katika kisiwa cha Kiwayu karibu na Lamu, mhifadhi wa mazingira Julie Church aliwaona watoto wakichezea vitu walivyoundiwa kutokana na patipati zilizotupwa ufuoni na mawimbi. Kutokana na mchezo huo ilizaliwa kazi ambayo leo inajulikana kama Ocean Sole, ambapo mafundi jijini Nairobi huunganisha patipati kuukuu kwa gundi, wakazichonga na kuzipiga msasa hadi zikawa twiga, vifaru na kasa, na kuziuza hadi ng'ambo. Kukata, kugundisha, kupiga msasa: ni kazi ile ile inayofanyika kwenye sakafu yako.

Aidha, mtaala mpya una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, na Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilicho kwenye barabara hii hii ya Thika, hufundisha sanaa za maonyesho na filamu. Kila tamthilia na kila filamu humhitaji mtu wa kuunda vifaa. Na hata asipofuata njia hiyo, kijana aliyejifunza kupima, kukata kwa unyofu na kungoja gundi ikauke amepata kitu kitakachomfaa akiwa seremala, fundi wa nguo au daktari wa upasuaji.

Basi turudi pale mlangoni, ukiwa bado umeshika mkate na maziwa.

Fungua madirisha kwanza. Mwambie ahamishie kazi yake nje. Ule mkeka wa mdogo wake ataulipa mwenyewe kwa pesa zake za matumizi, kidogo kidogo, maana ufundi hauanzii kwenye mali ya mwenzako. Hilo usimlegezee.

Kisha weka mkate mezani, utoke nje, uushike upande mmoja wa upanga ili usimponyoke akikutanisha zile pande mbili. Atahitaji mikono minne. Na wakati mnangoja gundi ikauke, muulize mhusika huyo ni nani na alipigania nini.